Fedha za utafiti na matangazo ya matunda zinamnufaisha nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya ni wa aina tatu: mkulima aliyeona makato kwenye stakabadhi yake, kiongozi wa ushirika anayetakiwa kuitetea bajeti mbele ya wanachama, na mwanafunzi wa uchumi aliyechoka na grafu. Majibu yangu yana mwelekeo mmoja, na heri niutaje mapema. Faida inaweza kuanzia kwa yeyote, lakini haitulii hapo. Husogea mpaka ikamfikia mwenye kitu ambacho wengine hawawezi kukipata upesi, kama vile ardhi inayofaa, leseni ya mche, alama ya biashara, ghala la baridi au nafasi kwenye rafu ya duka.

Fedha zenyewe hutoka wapi?

Kwa kawaida hutoka kwenye mifuko mitatu. Wa kwanza ni tozo, ambayo mkulima hukatwa kwa kila kilo au sanduku analouza. Wa pili ni hazina ya serikali, kupitia vyuo vikuu na taasisi za utafiti. Wa tatu ni kampuni binafsi zinazozalisha miche au zenye chapa zao.

Mara nyingi mifuko hii huchanganywa. Australia, tozo ya utafiti ya wakulima wa matunda na mboga husimamiwa na Hort Innovation, na serikali huongeza dola kwa dola hadi kikomo kinachopimwa kwa thamani ya mazao ya sekta. Tozo ya matangazo haiongezewi kitu. Mgawanyo huo una mantiki yake: maarifa huvuka ua wa shamba na kumfikia hata asiyelima, ilhali tangazo linatazamiwa kumrudia muuzaji. Kama kweli humrudia, tutaona.

Nimekatwa tozo. Je, ni mimi niliyeilipa?

Si lazima, ingawa kwa miaka ya mwanzo jibu huwa ndiyo. Mti wa tunda ukishapandwa hauondoki. Huwezi kuung'oa leo kwa sababu ya makato na kuurudisha kesho yakifutwa. Kwa hiyo tozo mpya humwangukia mkulima karibu yote. Miaka ikipita, baadhi ya wakulima huacha kupanda upya, mzigo sokoni hupungua, bei hupanda kidogo, na sehemu ya tozo inakuwa imehamia kwa mnunuzi bila mtu kutangaza.

Wanauchumi wa kilimo wameonyesha jambo lenye kufariji kidogo hapa. Tozo inayokatwa kwa kilo, ikigharimia utafiti unaopunguza gharama za shambani kwa kila kilo, mzigo wake na faida yake hupita njia ileile. Aliyebeba theluthi ya tozo hupata takriban theluthi ya faida. Hesabu huvurugika fedha hizohizo zinapotumiwa kwa jambo la baada ya mavuno, au kwa aina ya mche ambayo wewe hutaipata.

Utafiti umetuongezea mavuno. Mbona bei imeanguka?

Kwa sababu tumbo la mlaji halikuongezeka pamoja na mavuno. Mahitaji ya matunda mengi ya kawaida hayanyumbuki sana: bei ikishuka kwa asilimia kumi, watu hawali zaidi kwa asilimia kumi. Wakulima wote wakipata mbinu ileile kwa wakati mmoja, shehena inajaa soko, bei inashuka kuliko gharama zilivyoshuka, na kundi zima linaweza kuishia na mapato pungufu kuliko mwanzo. Mlaji ndiye anayeondoka na faida, na huenda hajui hata kwamba kulikuwa na utafiti.

Mwaka 1958 mwanauchumi Mmarekani Willard Cochrane aliifananisha hali hii na mashine ya kukimbilia papo hapo. Wa kwanza kuichukua teknolojia huuza kwa bei ya zamani huku gharama zake zikiwa mpya, kwa hiyo hutajirika. Wanaofuata hupata kidogo. Wa mwisho huichukua ili wasizame, na asiyeichukua kabisa hupata bei mpya na gharama za zamani. Huyo asiyeichukua huwa hayumo kwenye picha za ripoti ya mwaka.

Kuna hali inayobadilisha mambo. Kama matunda yenu huuzwa kwenye soko kubwa la dunia na ninyi ni sehemu ndogo ya soko hilo, mavuno yenu ya ziada hayaitikisi bei. Hapo faida hubaki upande wa wazalishaji. Ndiyo maana nchi inayosafirisha nje sehemu kubwa ya mazao yake ina sababu nzito zaidi ya kugharimia utafiti wa shambani kuliko nchi inayojilisha yenyewe, mradi washindani wake wasiupate utafiti huohuo mwaka unaofuata.

Kwa nini shamba la kukodi limepanda bei baada ya mbinu mpya kuja?

Kwa sababu mwenye ardhi naye anajua kuhesabu. Faida ya ekari ikiongezeka, wanaotaka kukodi wanakuwa wengi, na kodi hupanda hadi kumeza sehemu kubwa ya nyongeza hiyo. Mpangaji ndiye aliyehudhuria mafunzo, akajifunza kupogoa upya na kulipa tozo, ilhali anayevuna ni mwenye hati. Mkulima anayemiliki shamba lake huvaa kofia zote mbili, basi kwake swali hili halina uchungu. Kijana anayetaka kuingia kwenye kilimo hununua ardhi ambayo bei yake tayari imebeba matunda ya utafiti wa jana.

Miche mipya yenye hataza: nani hula?

Hapa ndipo pesa za leo zilipo, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Mkataba wa kimataifa wa UPOV, katika toleo lake la 1991, unataka mgunduzi wa aina mpya ya mti au mzabibu alindwe kwa miaka isiyopungua 25. Katika muda huo, kila mche unaouzwa unaweza kumlipa mrabaha, yaani malipo ya kutumia kazi yake. Chuo Kikuu cha Minnesota kilitoa tufaha la Honeycrisp mwaka 1991. Hataza yake Marekani iliisha 2008, wakati tunda lenyewe ndiyo kwanza linashika kasi sokoni. Mrabaha wa nyumbani ukakatika, mtu yeyote nchini humo akawa huru kupanda, na upandaji ukaenea hata katika maeneo yasiyolifaa tunda hilo.

Waliokuja baadaye walijifunza. Tufaha la Cosmic Crisp ni uzao wa Honeycrisp. Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kililichavusha 1997, nalo likafika madukani Desemba 2019, miaka 22 baadaye. Ndani ya Marekani, wakulima wa jimbo hilo walipewa haki ya pekee ya kulilima kwa miaka 10, kwa sababu walikuwa wamechangia mpango wa kulizalisha. Hapo kuna jaribio la wazi la kumpa mlipaji kile alichokilipia. Lakini tazama hiyo miaka 22. Aliyekuwa na umri wa miaka 50 mwaka 1997 alichangia kitu ambacho huenda watoto wake ndio watakaokiuza.

Wengine hawategemei hataza peke yake. Tufaha la Cripps Pink lilizalishwa Australia Magharibi katika miaka ya 1970. Mche huo unaweza kuwa huru kupandwa, lakini jina Pink Lady ni alama ya biashara, na alama ya biashara huhuishwa bila kikomo. Ukiwa na mti bila ruhusa ya kutumia jina, unauza tunda lilelile kwa bei nyingine. Siku hizi naona mashindano yamehama kutoka kwenye mbegu kwenda kwenye jina.

Mfano mkali kuliko yote ni kiwi ya dhahabu. Novemba 2010 ugonjwa wa bakteria uitwao Psa uligunduliwa Te Puke, New Zealand, ukaifagia aina ya dhahabu iliyokuwepo, Hort16A. Aina nyingine iliyokuwa imetoka kwenye programu ya utafiti, Gold3, iliuhimili vizuri zaidi, nayo huuzwa kwa jina la SunGold. Ukitaka kuilima nchini humo lazima uwe na leseni ya Zespri, kampuni ya wakulima yenye haki ya kusafirisha kiwi nje. Leseni zikapigwa mnada. Kufikia 2021 leseni ya hekta moja ilipita dola 500,000 za New Zealand, bila bei ya ardhi. Maana yake ni kwamba aliyeipata mapema, wakati sekta ikiwa taabani, ndiye aliyekamata faida ya miaka ijayo. Anayeinunua leo analipa faida hiyo kabla ya kuchuma kiwi hata moja. Nayo fedha ya mnada hurudi kwa kampuni, yaani kwa wenye hisa, ambao wengi wao ni wakulima haohao. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na hapa kisu ni karatasi ya leseni.

Ukali huo nao una kikomo. Vikonyo vya kupandikizia vinaingia mfukoni. SunGold ilipelekwa China bila idhini na kupandwa kwa maelfu ya hekta, na wakulima wa New Zealand hawakuweza kuizuia.

Je, miche ya bure haimfai mkulima zaidi?

Humfaa, ila si lazima awe mkulima yuleyule aliyelipa kodi. Mwaka 1992 virusi vya madoa-pete viliingia Puna, kitovu cha kilimo cha mapapai Hawaii. Kikosi cha watafiti wa umma kikiongozwa na Dennis Gonsalves kikatengeneza papai lenye kinga, na 1998 mbegu zikagawiwa wakulima bure. Sekta ikapona. Hapo faida iliwafikia wakulima moja kwa moja, kwani bila mbegu hizo wasingekuwa na cha kuuza. Lakini kwa kuwa papai hilo lilibadilishwa vinasaba, Japani, mnunuzi muhimu, haikulikubali hadi 2011. Waliobaki na mapapai ya zamani walilazimika kuyalinda ili wauze huko.

Mfano wa pili una kinaya chake. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitoa aina ya buluberi iitwayo Biloxi mwaka 1998, isiyo na mrabaha. Inazaa bila kuhitaji baridi kali ya kipupwe. Peru ikaipanda kando ya jangwa la pwani, na katika muda wa mwongo mmoja hivi ikatoka karibu na sifuri hadi kuwa miongoni mwa wasafirishaji wakubwa wa buluberi duniani. Mlipakodi wa Marekani aligharimia utafiti, mwekezaji wa Peru akapata biashara, na mlaji wa Marekani akarudishiwa chake kwa njia ya buluberi katika miezi ambayo zamani hakuziona. Aliyebanwa ni mkulima wa buluberi wa Marekani mwenye mavuno ya mwisho au ya mwanzo wa msimu. Wakulima wa Peru sasa wanang'oa Biloxi na kupanda aina za kampuni binafsi, zenye mrabaha.

Na matangazo? Yana tija kweli?

Yanaweza kuwa nayo. Mwaka 1907 ushirika wa wakulima wa machungwa wa California ulifanya kampeni katika jimbo la Iowa, na mauzo yakapanda sana. Mwaka uliofuata jina Sunkist likazaliwa. Ninachokipenda zaidi katika kisa hicho ni mlipaji: kampuni ya reli ya Southern Pacific ilichangia gharama za kampeni sawa na ushirika. Kila chungwa lililokwenda Iowa lilipanda treni, kwa hiyo reli ilijua fika kwamba nayo ni mnufaika, ikatia mkono mfukoni. Ni nadra sana kuona hivyo leo. Wasafirishaji, wenye magodauni na maduka makubwa hula kwenye ongezeko la mauzo, na michango yao kwenye mfuko wa pamoja huwa kidogo au haipo.

Kwa nini mimi nitangaze halafu mzigo wa nje ndio ujaze soko?

Swali hili liliulizwa kwa sauti kubwa na wakulima wa parachichi wa California. Kwa miaka mingi walilipia matangazo wenyewe. Kuanzia 1997 Marekani ikaanza kuruhusu tena parachichi za Mexico, kwanza katika baadhi ya majimbo na baadhi ya miezi, na kufikia 2007 majimbo yote. Bunge lilikuwa limepitisha sheria mwaka 2000, na baada yake kila ratili ya parachichi ya aina ya Hass ikaanza kukatwa senti 2.5, iwe ya ndani au ya kigeni. Asilimia 85 ya makato hurudishwa kwa vyama: ya California kwa chama cha California, ya waagizaji kwa vyama vya waagizaji.

Matokeo yake, wazalishaji wa Mexico wakapata mfuko mnono, wakaanza kutangaza hadi kwenye Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, mwaka 2015, na Wamarekani wakazoea parachichi mwaka mzima. Je, mkulima wa California alifaidika? Kwa kiasi. Bei haikuporomoka kama wengi walivyohofia, kwa kuwa mahitaji yalikua pamoja na mzigo. Lakini sehemu kubwa ya ukuaji ilikwenda kwa mwenye ardhi ya Michoacán, jimbo la Mexico, iliyo na maji na mwinuko unaofaa, kwa sababu yeye ndiye aliyeweza kuongeza miti. Mkulima wa California anayebanwa na bei ya maji hakuweza, hata bei ilipomruhusu.

Tangazo la "kula tufaha" linamsaidia anayelima tufaha bora?

Pengine linamuumiza. Tangazo la jumla linasema matunda yote ni mamoja, na yeye ametumia fedha kuonyesha kwamba la kwake ni tofauti. Ugomvi huu ulifika Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1997, kwa kura 5 dhidi ya 4, wakulima wa pichi na plamu wa California waliambiwa waendelee kulipia matangazo ya pamoja. Mwaka 2001 mahakama hiyohiyo iliona vingine katika kesi ya wakulima wa uyoga. Na 2003 hakimu mmoja wa shirikisho alikata kwamba Tume ya Matufaha ya Washington haiwezi kuwalazimisha wakulima. Tume ikaacha kutangaza ndani ya nchi, ikabaki na masoko ya nje.

Utafiti unaosema tunda fulani ni dawa, ni utafiti au tangazo?

Angalia nani atauza. Kampuni ya POM Wonderful ilitumia zaidi ya dola milioni 35 kwenye tafiti za kiafya za komamanga. Tume ya Biashara ya Marekani ikasema baadhi ya matangazo yaliyotokana nazo yalipotosha, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikakataa kusikiliza rufaa. Hata hivyo mahitaji ya makomamanga yalikuwa yameshapanda, na kila mwenye mkomamanga akanufaika na gharama za mwingine.

Tafiti za kuhifadhi matunda je?

Hizi huanza kumnufaisha mwenye ghala. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina waligundua kwamba gesi iitwayo 1-MCP huzuia tunda kuisikia ethilini, homoni inayoliivisha. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekuwa ikitumika kuweka matufaha mabichi kwa miezi mingi. Mwenye ghala akapata uwezo wa kungoja bei. Mkulima asiye na ghala bado huuza siku ya mavuno, katika bei ya siku ya mavuno. Alichopata ni kwamba mnunuzi wake sasa hana haraka.

Vibarua wanaochuma wanapata nini?

Kama utafiti unaongeza mavuno, hupata siku zaidi za kazi. Kama ni wa mashine, tazama kisa cha nyanya, ambayo kwa mtaalamu wa mimea ni tunda. Chuo Kikuu cha California huko Davis kilizalisha nyanya ngumu pamoja na mashine ya kuivuna. Mpango wa kuleta vibarua kutoka Mexico ulipokwisha mwaka 1964, mashine ikaenea, na katika miaka michache nyanya za viwandani za California karibu zote zikawa zinavunwa hivyo. Wakulima takriban 4,000 wakapungua wakabaki mia kadhaa wenye mashamba makubwa. Mwaka 1970 wanauchumi Schmitz na Seckler walikokotoa kwamba faida ilitosha kuwafidia vibarua waliopoteza kazi. Fidia haikulipwa. Chuo kilishtakiwa 1979.

Ripoti inasema kila dola moja imerudisha dola kadhaa. Niamini?

Soma ni nani aliyeiagiza. Sheria ya Marekani ya 1996 inataka programu za matangazo za kitaifa zifanyiwe tathmini huru angalau kila miaka 5, nalo ni jambo jema, ingawa mara nyingi anayelipa tathmini ni bodi inayotathminiwa. Kisha angalia mambo mawili. Je, hicho "kilichorudi" ni mapato au faida? Mapato ya ziada yana gharama za kuchuma, kufunga na kusafirisha ndani yake. Na je, dola hizo zilirudi kwa nani? Wastani wa sekta unaweza kuwa mzuri huku theluthi mbili ya wanachama wakiwa hawajaonja kitu.

Mkulima mdogo ana nafasi gani?

Ndogo, isipokuwa awekewe kwa makusudi. Hulipa tozo kwa kilo sawa na mkubwa, lakini hana mtaji wa kung'oa miti inayozaa na kungoja mipya miaka mitatu au zaidi. Afrika Kusini, tozo za kisheria chini ya sheria ya 1996 zimewekewa mwongozo kwamba takriban asilimia 20 iende kwa wakulima waliofungiwa nje zamani. Unaweza kubishana kuhusu matumizi yake, ila angalau swali la nani anapata limeandikwa kwenye bajeti.

Tumeitwa kupiga kura ya kuongeza tozo. Niulize nini?

Uliza mche utakaotoka utakuwa mali ya nani, na kama wanaochangia watalipa mrabaha tena. Uliza kama mzigo wa nje nao utakatwa. Uliza wenye magodauni na maduka wanatoa kiasi gani. Ukijibiwa kwamba hawatoi, kumbusha habari ya reli na machungwa. Uliza sehemu ipi ni ya utafiti na ipi ya matangazo, kwa sababu hesabu zake ni mbili tofauti.

Na kama miti yako imezeeka na shamba ni la kukodi, kuna mtu wa kuzungumza naye kabla hujafika mkutanoni. Mwulize mwenye shamba nani atalipia kung'oa, kama mkataba utadumu hadi miti mipya izae, na leseni itaandikwa kwa jina la nani.